Sura ya Nne: Kabla Hajashika Fagio

Mfanyabiashara wa Kariakoo hanunui feni bila kuiwasha. Atasimama mbele ya duka la Mtaa wa Aggrey, ataomba ichomekwe kwenye umeme, ataisikiliza inavyolia, atauliza garantii ni ya miezi mingapi, na hataondoka bila risiti. Mtu huyohuyo, siku akielemewa na kazi za nyumbani, hupiga simu moja tu kwa shangazi aliyeko Singida, au kwa dalali ambaye namba yake kapewa na jirani. "Nitafutie msichana wa kazi." Wiki inayofuata kuna mtu kasimama mlangoni na begi lake. Atafanya kazi gani hasa, atalipwa lini, atapumzika siku ipi, ana umri gani: hakuna aliyeuliza, na hakuna aliyesema.

Sura hii ni kwa ajili ya anayemleta mtu wa usafi nyumbani kwake kwa mara ya kwanza. Ninalosisitiza ni moja. Yote yanayopaswa kusemwa yasemwe kabla mtu hajashika fagio, kwa sababu yasiposemwa mapema yatasemwa tu baadaye, na wakati huo yatasemwa kwa hasira.

Wakongwe wa Kariakoo hawakuwa na shida hii. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na korido katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma kwenye choo, bafu na jiko. Kila chumba kilikuwa na mpangaji wake, na usafi ulikwenda kwa zamu: wiki hii chumba cha mbele, wiki ijayo kinachofuata. Aliyeruka zamu yake aliambiwa palepale uani, tena kwa sauti ya kusikika hadi nyumba ya pili. Kuanzia miaka ya 1990 nyumba hizo zimekuwa zikivunjwa moja baada ya nyingine. Yalipo maghorofa leo, chini ni fremu, katikati ni stoo, na juu wanaishi watu, kila familia nyuma ya geti lake la chuma. Uani umekwenda, na zamu imekwenda nao. Mume na mke wote wako dukani tangu asubuhi, na tangu mpango wa biashara ya saa 24 uzinduliwe Kariakoo Februari 2025, wapo wanaorudi nyumbani wakati wengine wanaamka. Nani atadeki?

Kazi ya kusafisha nyumba za watu kwa ujira si ngeni katika jiji hili, ila zamani ilikuwa kazi ya wanaume. Enzi za ukoloni, wapishi, madobi na maboi waliohudumia nyumba za Wazungu kule Oyster Bay walikuwa wanaume, na wengi wa Waafrika waliotumika mjini waliishi Kariakoo na Ilala. Walikuwa na umoja wao. Mwishoni mwa mwaka 1956 wafanyakazi wa mahotelini na majumbani waligoma Dar es Salaam, na Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika, lililoanzishwa mwaka mmoja kabla huku Rashidi Kawawa akiwa Katibu Mkuu wake, likasimama nyuma yao. Baadaye kazi hii ikahamia polepole mikononi mwa wanawake na wasichana. Mwanasosiolojia Janet Bujra aliandika kitabu kizima juu ya badiliko hilo nchini Tanzania, kilichotoka mwaka 2000. Mimi naamini kazi hii ilianza kuonekana ya bure pale ilipohesabiwa kuwa ni jambo ambalo kila binti hulijua tangu kuzaliwa. Kudeki vyumba vitatu na korido kwa ndoo na tambara, umeinama, kunachosha mgongo vilevile, anayedeki awe mwanamume au binti wa miaka ishirini.

Swali la kwanza kujibu ni kama unahitaji mtu wa kulala hapo au wa kwenda na kurudi. Watu wengi hurukia wa kulala kwa sababu ndivyo walivyoona kwa mama zao. Lakini mama zao walikuwa na watoto wadogo watano na jiko la mkaa. Kama mko wawili kwenye nyumba ya vyumba viwili au vitatu na hamna mtoto mchanga, mnachohitaji ni usafi, na usafi wa nyumba kama hiyo ni kazi ya siku mbili au tatu kwa wiki. Mwanamke mzima anayetoka Mbagala, Tandale au Gongo la Mboto ataifanya vizuri zaidi, kisha atarudi kwa wanawe. Anajua mji, ana simu yake, ana watu wake, na siku akiona hatendewi haki anajua njia ya kurudi kwao. Binti aliyeshushwa jana na basi stendi ya Magufuli kule Mbezi hana hata kimoja kati ya hivyo. Ukimleta binti wa namna hiyo unakuwa umebeba dhamana ya maisha yake yote, si ya sakafu peke yake.

Mtafute kupitia kwa watu wanaomfahamu. Uliza jirani wa ghorofa ya chini, uliza mama lishe anayekuletea chakula dukani, uliza mlinzi wa jengo, ambaye mara nyingi anajua nani anaingia nyumba ipi na anatoka saa ngapi. Madalali wapo, na si wote wabaya. Ila dalali anayedai mshahara wa mwezi wa kwanza wa binti uende mfukoni kwake, au anayekuambia "huyu hana maneno, hajui hata mji," huyo anakuuzia unyonge wa mtu. Mkatalie. Tanzania ina sheria ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu tangu mwaka 2008, na msichana aliyetolewa kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa cherehani kisha akajikuta anadeki, ni wa kulindwa na sheria hiyo.

Kwenye umri sina maneno laini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Aliyefika 14 inamruhusu kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya yake wala masomo yake. Kazi za nyumbani zinazoanza alfajiri na kwisha usiku si nyepesi, na haziachi nafasi ya masomo. Basi weka mpaka wako kwenye miaka 18. Omba kuona kitambulisho cha NIDA au cha mpiga kura. Kama hana, omba barua ya serikali ya mtaa anakoishi. Na ukijua kuna mtoto anatumikishwa kwenye nyumba ya jirani, namba 116 ni ya huduma ya simu kwa watoto.

Ukishampata mtu, mwite nyumbani siku moja kabla ya siku ya kazi. Kama amekuzidi umri, shikamoo ni yako kutoa, hata kama mshahara pia unautoa wewe. Mpe maji, mpe kiti, kisha mzunguke nyumba pamoja, chumba kwa chumba. Hapa ndipo waajiri wengi wa mara ya kwanza huharibu, kwa sababu wanadhani neno "usafi" limeshasema yote. Halijasema lolote. Vumbi la Kariakoo ni vumbi la magari, la maboksi yanayofunguliwa mchana kutwa na la ujenzi usiokwisha. Linaingia hata madirisha yakiwa yamefungwa, linaganda kwenye mapanga ya feni na kwenye nyavu za mbu, na linajaa kwenye reli za madirisha ya alumini mpaka vioo vinakataa kusogea. Jikoni kuna mafuta yaliyoganda juu ya jiko la gesi. Bafuni tailizi zina ukungu mweupe wa maji ya kisima. Kila kimoja kati ya hivyo kina muda wake, na mtu mmoja hawezi kuvimaliza vyote kwa siku moja kila anapokuja.

Mazungumzo ya kufaa huwa hivi:

"Haya madirisha nayafuta kila nikija?"

"Hapana dada, mara moja kwa mwezi inatosha. Ila hizi reli za chini uzipitie na brashi kila wiki."

"Sawa. Na nguo?"

"Nguo hatujazungumza."

"Basi tuzungumze sasa hivi, mama. Nguo peke yake ni siku nzima, na maji ya hapa nimesikia ni ya mgao."

Mwanamke huyo ni hazina. Anayeuliza hivyo anajua kazi yake, na anakuokoa na ugomvi wa mwezi ujao. Mjibu kwa uwazi: nguo zimo au hazimo, kupiga pasi kumo au hakumo, kuosha vyombo vya jana usiku kumo au hakumo. Ukitaka apike, hiyo ni kazi nyingine na malipo mengine. Muulize pia anahitaji vifaa gani. Usimpe fagio la chelewa lililokatika nusu na tambara la fulana ya zamani halafu ukashangaa kwa nini pembe zina utando wa buibui. Dekio la mti mrefu, ndoo mbili (moja ya sabuni, moja ya kusuuzia), brashi ya chooni na glavu za mpira utavipata vyote bila kuvuka Mtaa wa Msimbazi.

Glavu hizo si mapambo, na peke yake hazitoshi. Jiki na dawa za chooni zenye asidi zikichanganywa hutoa hewa ya klorini, nayo huchoma macho na mapafu. Bafu za maghorofa yetu mara nyingi zina kidirisha kimoja cha juu, au hazina kabisa. Watu humimina vyote viwili chooni wakiamini kwamba ukali ukiongezeka usafi unaongezeka. Mwonyeshe chupa, msome maandishi pamoja, na kama maandishi ni ya Kichina au Kiingereza, mweleze. Vilevile madirisha: upande wa nje wa kioo kwenye ghorofa ya nne haufutwi na mtu aliyesimama kwenye kizingiti huku kashika nondo. Kioo kikae na vumbi lake. Jambo hilo mwambie mwenyewe kwa kinywa chako siku ya kwanza, maana mtu mgeni anayetaka kuonyesha bidii atapanda bila kutumwa.

Sasa hela. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliwagawa wafanyakazi wa majumbani katika mafungu manne. Walioajiriwa na mabalozi na wafanyabiashara wakubwa walipangiwa shilingi 250,000 kwa mwezi, na walioajiriwa na maofisa wenye stahili ya kuwa na mtumishi 200,000. Wengine wote wasiolala kwa mwajiri walipangiwa 120,000, na wanaolala kwake 60,000. Oktoba 2025 serikali ikatangaza nyongeza nyingine ya kima cha chini kwa sekta binafsi kuanzia Januari 2026, kwa hiyo kabla hujataja bei pitia ofisi ya kazi uulize kiwango cha sasa. Na wewe unayeagiza makontena kutoka Guangzhou, soma tena fungu la kwanza ujiulize kwa dhati kama halikuhusu.

Kima cha chini ni sakafu tu. Hakuna aliyesema ndiyo bei. Mama anayepanda magari mawili kutoka Mbagala kwenda na kurudi anaweza kumaliza sehemu kubwa ya pato lake kwenye nauli. Nauli ipatanieni peke yake, mbali na mshahara. Chakula cha mchana pia kisemwe. Atakula nini, na atakula saa ngapi? Sheria inampa aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya saa moja, na kwa yeyote saa za kawaida zisizidi tisa kwa siku wala 45 kwa wiki. Ukila naye chakula kimoja kwa sahani za aina moja utakuwa umemwambia mengi ambayo hotuba haiwezi kuyasema. Kumtengea kikombe chake cha plastiki ni tabia iliyozoeleka katika nyumba nyingi za mjini, na ni tabia mbaya.

Yaandikeni. Sheria hiyo ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi: majina, kazi yenyewe, mahali, tarehe ya kuanza, saa za kazi na malipo. Asiyeelewa maandishi asomewe na aelezwe kwa lugha anayoielewa. Anayefanya kazi kwako chini ya siku sita kwa mwezi hakubanwa na sharti hilo, lakini anayekuja mara mbili kwa wiki tayari amepita hapo. Karatasi moja ya daftari inatosha. Andika nakala mbili, mtie sahihi wote, kila mmoja abaki na yake. Mshahara mtumie kwa simu, kwa sababu ujumbe wa muamala ni ushahidi kwa pande zote mbili.

Karatasi hiyo ina kazi nyingine ambayo haionekani. Katika jamii yetu tumezoea kumwita mfanyakazi ndugu. Tunasema "huyu ni mwanetu," "hapa ni kwake," na tunasema kwa moyo mweupe. Lakini undugu huo huo ndio unaofanya mshahara wa Juni ulipwe Agosti, na Jumapili ya mapumziko iliwe na wageni wa arusi. Ndugu haulizi likizo. Mfanyakazi anayo haki ya kuuliza, na aliyeajiriwa mwaka mzima ana haki ya siku 28. Mpende mtu kadiri unavyoweza, na mshahara wake uwe mahali ambapo upendo hauwezi kuugusa.

Uaminifu ndio unaowanyima watu usingizi. Unampa ufunguo mtu uliyemfahamu juzi, na ndani kuna mauzo ya wiki ambayo hayajapelekwa benki. Jibu langu ni fupi: hela za duka zisikae nyumbani, na kama lazima zikae, zifungiwe. Hiyo ni heshima kwake pia, kwa maana kinachofungwa hakimsingizii mtu. Kuna mchezo unaofundishwa na mama kwa binti, na shoga kwa shoga: acha noti ya elfu kumi chini ya mto uone kama ataichukua. Mchezo huo ni wa aibu. Anayeujaribu anamtega mtu maskini kwa shida zake. Akiikuta akakurudishia, atajua alikuwa anapimwa, na kuanzia siku hiyo atafanya kazi kwa kukutazama usoni. Vivyo hivyo kupekua begi lake jioni wakati anaondoka. Kitu kikipotea, keti naye muulize, tafuteni pamoja, kumbuka fundi aliyekuja Jumanne na mpwa aliyelala Jumamosi. Kioo au bakuli likivunjika, usikate mshahara kwa mdomo. Sheria hairuhusu makato ya hasara mpaka iwe kosa lake kweli, mmekubaliana kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya malipo yake ya fedha.

Na yeye pia anakuogopa. Anaingia nyumba ya watu asiowajua, geti la chuma linafungwa nyuma yake, na hajui kama mdogo wako wa kiume atakuwepo mchana. Mwambie nani atakuwa nyumbani na nani hatakuwa. Hakikisha geti linafunguka kwa ndani. Mwambie wazi, mbele ya wanaume wa nyumba hiyo, kwamba akiguswa au akisemeshwa vibaya akupigie simu na utamsikiliza. Najua waajiri wanaoona haya kulisema hilo siku ya kwanza. Yasiposemwa mapema, binti hukaa kimya mpaka anaondoka usiku bila kuaga, na watu humwita mwizi.

Kuna watu wa kuwauliza pale mnapokwama. CHODAWU ni chama cha wafanyakazi wa mahotelini na majumbani, na mfanyakazi wako ana haki ya kujiunga nacho bila kukuomba ruhusa. Mwanza lipo shirika la WoteSawa, lililoanzishwa na Angel Benedicto, ambaye aliwahi kuwa mfanyakazi wa nyumbani mwenyewe. Nalo Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kazi zenye staha kwa wafanyakazi wa majumbani, Mkataba Namba 189, tarehe 16 Juni 2011 kule Geneva. Umetamka kwamba hawa ni wafanyakazi kama wafanyakazi wengine.

Mkishindwana, achaneni kwa utaratibu. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28. Ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi ni siku saba. Anayelipwa kwa siku au kwa wiki ni siku nne. Mlipe alichofanyia kazi mpaka siku ya mwisho, na umwandikie barua ya kuthibitisha kwamba alifanya kazi kwako, imsaidie aendako. Akiona ameachishwa kwa uonevu, ana siku 30 za kufungua malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na hahitaji wakili.

Lakini wengi hawatafika huko. Watafika tarehe ya mshahara wa kwanza, na hapo ndipo atakapojua umemwajiri kweli au umemwomba msaada. Tarehe hiyo ikifika mtumie hela asubuhi, kabla hujafungua duka. Usimwambie mzigo umekwama bandarini. Hiyo ni biashara yako, na yeye kazi yake ameshaifanya.